Siku 15 si kupunjwa

Tangu khalati yangu aanze tiba ya mionzi ya kansa ya titi Mombasa, mtaani kwetu hapa Malindi kila mtu keshakuwa daktari. Wako wawili hasa walonifanya nikeshe na simu nikisoma. Wa kwanza ni mzee mmoja wa barazani, pale kwa muuza kahawa. Yeye swali lake, kwani hiyo mionzi haiwezi kupigwa yote siku moja ikaisha mtu akarudi kwake, mbona kumsumbua bi mkubwa wa watu na matatu, Gede, Kilifi, Mtwapa, foleni, kila siku ya Mungu? Wa pili ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na malalamiko yake ni kinyume kabisa. Wifi yake alitibiwa Nairobi miaka ya nyuma, kansa ya titi hiyo hiyo, akapigwa mionzi siku 25. Sasa khalati kaambiwa siku 15 na jirani keshatoa hukumu: "Wamempunja. Wameona ni mtu wa Malindi, hana wa kumsemea, wakampunja."

Basi mmoja anaona siku nyingi, mwengine anaona chache. Na mi nawaambia wallahi hayo maswali yote mawili ni mazuri kushinda wenyewe wanavodhani, manake ndo hayo hayo yanayowahangaisha wanafizikia na madaktari wa mionzi yapata miaka mia sasa, na majibu mengine yametoka juzi juzi tu, khalati keshaanza kuumwa.

Lakini kwanza tumalize hii habari ya moto. Khalati siku ya kwanza alienda akijua anaenda kuungua, alikuwa kajipaka mafuta ya nazi na dua juu (mafuta akaambiwa ayafute kabla ya kupanda kitandani, dua hakuna aliemkataza). Dozi ya mionzi inapimwa kwa grei, na grei moja ni juli moja ya nishati kwa kila kilo ya mwili. Kipimo cha siku moja cha miaka yote kilikuwa grei 2. Ukipiga hesabu, grei 2 zinapandisha joto la nyama kwa sehemu moja ya elfu mbili ya digrii, yani hakuna mkono wala thamometa ya duka la dawa itakayokwambia kitu kimebadilika. Funda moja la kahawa tungu ya yule mzee wangu linaingiza joto mwilini kushinda tiba nzima ya khalati tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Ile ngozi kuwa nyekundu na kuwasha inakuja baada ya wiki mbili tatu, kwa sababu seli za chini ya ngozi zimeumia na hazizaliani kama kawaida, si kwa sababu mtu kaunguzwa siku ile.

Sasa kama si moto ni nini? Ni kukata. Mashine inarusha elektroni kwa kasi inayokaribia ya mwanga, zinagonga kipande cha tangsteni, hapo zinatoka eksirei kali sana, kali mara nyingi kushinda zile za kupiga picha ya kifua. Zikipita mwilini zinang'oa elektroni kwenye kila kinachopatikana njiani na DNA nayo inapata lake. Kila grei moja, ndani ya kila seli moja iliyopigwa, inakata uzi mmoja wa DNA kama mara 1,000 hivi, hizo seli yenyewe inaziunga bila shida, na inakata nyuzi zote mbili kwa pamoja kama mara 40. Hizo 40 ndo zenye maneno. Na mashine ikizimwa imezimwa, hakuna kinachobaki ndani ya mgonjwa, kwa hivo wale waliokuwa wakiwazuia wajukuu wasimkaribie khalati wakati akirudi wikendi waache, mionzi ya nje haimfanyi mtu awe na mionzi. Tiba ya kumezeshwa ayodini ya mionzi kwa kansa ya tezi ya shingo, hiyo ndo ina masharti ya kukaa mbali na watoto siku kadhaa, nayo ni habari nyengine.

Haya, tumjibu mzee. Kwanini isipigwe yote siku moja?

Ilishajaribiwa. Mwanzoni kabisa, Röntgen kagundua eksirei Novemba 1895, na haikupita muda watu washaanza kuelekeza miale kwenye uvimbe wakipiga kwa wingi kwa mkupuo. Uvimbe ulikuwa unapungua kweli ila ngozi na nyama ya mgonjwa navyo vinaoza. Jibu likaja Paris miaka ya 1920 na limetoka kwa kondoo dume, msicheke. Daktari Mfaransa anaitwa Claudius Regaud alikuwa anajaribu kuhasi kondoo kwa mionzi. Akipiga dozi kubwa mara moja, ngozi ya mfuko wa makende inaharibika vibaya na kondoo pengine hajahasika. Akigawanya dozi kwa siku kadhaa, kondoo anahasika na ngozi inasalimika. Akaona, basi zile seli zinazozaliana haraka kule ndani zinafanana na kansa, na hii ngozi ndo nyama nzima ya kawaida, kwa hivo kugawanya kunamuumiza adui na kumhurumia mwenyeji. Mwenzake Henri Coutard akaichukua akaipeleka kwa wagonjwa wa kansa ya koo, akapiga kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na watu wakapona ambao kabla ya hapo walikuwa hawaponi. Tangu hapo ikawa ndo mtindo, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano, sita, saba.

(Nilipomsimulia mzee habari ya kondoo baraza zima liliangua kicheko, alafu akaniuliza kwa uzito kabisa, "Nyama yake ililiwa?" Sijapata jibu la hilo popote, mwenye nalo alilete.)

Kinachofanyika usiku ni hivi. Seli nzima ina mafundi wake wa kuunga DNA na kazi kubwa inaisha ndani ya saa chache, kwa hivo kati ya pigo la leo na la kesho nyama nzima ishajirekebisha kwa sehemu kubwa. Seli za kansa nyingi mafundi wao ni wabovu, na isitoshe ziko mbioni kugawanyika, zinagawanyika na vipande havijaungwa, zinakufa. Ukipiga siku 25 unaipa nyama nzima usiku 24 wa kujirekebisha. Wiki ya kwanza khalati alikuwa akienda na kurudi, baadae mwanawe wa Kisauni akamlazimisha alale kwake mpaka Ijumaa, na mi nikawa namwambia khalati we lala, kulala ni nusu ya kazi, hapo mashine imemaliza yake.

Kwa hivo mzee keshajibiwa, angalau nusu, nusu ya pili inakuja. Jirani sasa. Kama kugawanya ni kuzuri hivo, mbona wamekata kutoka 25 mpaka 15? Hapa ndo penye utamu na nitakaa hapa kidogo, mniwie radhi.

Mionzi inaua seli kwa njia mbili. Kuna majeraha ya pigo moja, mwale mmoja unapita unakata nyuzi zote mbili basi imekwisha, na haya yanaongezeka sawasawa na dozi, ukizidisha dozi mara mbili nayo mara mbili. Alafu kuna majeraha ya mapigo mawili, mmoja umejeruhi hapa mwengine umejeruhi pale karibu, kila moja peke yake lingeungwa ila yakikutana kabla fundi hajafika ndo seli inakwisha, na haya ukizidisha dozi ya siku mara mbili yanakuwa mara nne. Kila aina ya nyama ina mchanganyiko wake wa hizi njia mbili na wanafizikia wana namba ya kuupima, wanaiita alfa kwa beta. Kansa nyingi namba yao ni kama 10, yani ni za pigo moja zaidi, ugawanye usigawanye hazijali sana. Nyama za kawaida, zile zinazoleta madhara ya baadae kama kukakamaa na kusinyaa, namba yao ni kama 3, hizi dozi kubwa ya mkupuo inaziumiza sana na ndogo ndogo zinaivumilia. Ndo maana kugawanya kukawa na faida kwa wengi, adui hajali, mwenyeji anapona.

Sasa kansa ya titi ikawatia watu mashaka. Majaribio ya Uingereza na Kanada yakaonyesha kwamba namba yake si 10, iko huko chini kwenye 3 na 4, karibu sawa na nyama inayoizunguka. Fikiria maana yake. Ukigawanya vidogo vidogo unaihurumia nyama nzima, sawa, lakini na kansa yenyewe unaihurumia vilevile! Zile siku zote za ziada zilikuwa hazileti faida ilodhaniwa. Basi wakapunguza siku, na, jirani yangu nisikilize hapa, hawakuchukua dozi ile ile wakaibana kwenye siku chache. Walishusha jumla. Mtindo wa zamani ulikuwa grei 50 kwa mapigo 25. Mpya ni grei 40 kwa mapigo 15. Kwa sababu kila pigo la siku ni kubwa zaidi na lina nguvu zaidi ya ukubwa wake, jumla inayohitajika inashuka.

Na hawakubahatisha. Jaribio moja la Uingereza linaitwa START-B liliwagawa wanawake 2,215, nusu siku 25, nusu siku 15, wakawafuatilia miaka 10. Matokeo yakatoka 2013: waliopigwa siku 15 kansa iliwarudia titini au kwapani asilimia 4.3, waliopigwa siku 25 asilimia 5.5. Na madhara, titi kusinyaa, kuvimba, vimishipa kutokeza kwenye ngozi, yalikuwa machache zaidi kwa wale wa siku 15. Yani yule aliedhaniwa kapunjwa ndie alietoka na ngozi nzuri. Kanada nao wakatoa yao 2010, grei 42.5 kwa mapigo 16, mambo yakawa hayo hayo.

Mkidhani imeishia hapo, Aprili 2020, dunia nzima imejifungia ndani kwa corona, Waingereza wakatoa jaribio la FAST-Forward. Wanawake 4,096, mapigo 15 dhidi ya mapigo matano. Matano! Grei 26 kwa wiki moja. Baada ya miaka mitano kansa ilirudi kwenye titi lile kwa asilimia 2.1 ya wale wa wiki tatu, na asilimia 1.4 ya wale wa grei 26 kwa wiki moja. Ikaja wakati hospitali zinataka wagonjwa wasiende mara nyingi, Uingereza wakaichukua bila kuchelewa. Mi nilipoisoma nilifikiria watu wa Lamu moja kwa moja, mtu anatoka Pate au Faza kwa boti mpaka Mokowe, alafu basi mpaka Mombasa, alafu apange chumba wiki tano. Wako walioacha tiba katikati kwa sababu hiyo tu. Mtu wa Lamu ukimpunguzia siku 20 hujampunja, umemlipia kodi ya nyumba.

Jirani alikuja juu tena, safari hii kageuka, anauliza mbona khalati hakupewa wiki moja! (Huyu mama akigombea udiwani mi nampa kura.) Sababu ni mitoki ya kwapani. Khalati alikutwa na kansa kwenye tezi za kwapani, na wakipiga kwapa wanapita karibu na mishipa ya fahamu ya mkono na bega, tena kuna hatari ya mkono kuvimba. FAST-Forward kwa sehemu kubwa ilikuwa titi na kifua. Kwa wale wenye tezi watu waliendelea kung'ang'ania wiki tano muda mrefu, mpaka Wafaransa wakafanya HypoG-01, wanawake 1,265, wiki tatu dhidi ya wiki tano na tezi zikiwemo, matokeo wakayatangaza 2024: mkono kuvimba hakukuzidi. Kwa hivo siku 15 za khalati ni za sasa hivi kabisa. Wifi yake jirani naye hakuzidishiwa kitu, alipewa kilichojulikana wakati wake.

"Hao wote ni wazungu," jirani akasema. Na hilo mi silipuuzi hata kidogo. Majaribio makubwa mengi yamefanywa Ulaya na Kanada, kwa mashine zao, kwa wagonjwa ambao mara nyingi kansa imeonekana mapema, huku kwetu mtu anafika uvimbe ushapasuka. Ndo maana nilifurahi kukuta jaribio la HYPNO, limeendeshwa na shirika la nyuklia la kimataifa, IAEA, kwenye nchi 10 za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya wagonjwa 700 wa kansa ya kichwa na shingo, mapigo 20 dhidi ya 33. Walipotoa matokeo 2023 mapigo 20 hayakuwa nyuma. Hapo kuna hesabu ambayo mtu wa hesabu za duka ataiona haraka: mashine moja ikimaliza mgonjwa kwa 20 badala ya 33, foleni inasogea, na foleni Afrika inaua, nchi zaidi ya 20 za bara hili hazina hata mashine moja ya mionzi. IAEA hao hao 2022 walianzisha mpango wa Rays of Hope wa kusaidia tiba ya mionzi Afrika, na Kenya ilikuwa kwenye nchi saba za mwanzo.

Ila kuna sharti, na hapa nitamtetea mtu ambae hakuna anaemuona pale hospitali. Ukipiga mapigo 25 ukakosea kidogo leo, kesho na keshokutwa zinafidia. Ukipiga matano, kosa la siku moja ni humusi ya tiba yote. Kwa hivo siku zikipungua usahihi lazima uzidi. Asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, kuna mwanafizikia wa tiba, mara nyingi mtu mmoja kimya na laptopu yake, anaipima mashine kwanza. Wana hodhi la maji, kwa sababu nyama yetu kwa mionzi ni kama maji tu, wanazamisha kichemba kidogo chenye hewa ndani, miale ikipita inaing'oa hewa ile elektroni, umeme mdogo mno unapita, wanausoma, wanajua grei ngapi zimetoka. Isiposoma sawa hakuna mtu anaelala kwenye kile kitanda.

Na sisi wa Malindi tusijifanye wageni wa hii kazi. Tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kule kwenye jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, Wataliano na Wamarekani walirusha setilaiti ya kwanza duniani iloundwa mahsusi kutazama eksirei za mbinguni, na kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri wakaipa jina Uhuru. Ndani yake vilikuwa vichemba vya gesi vya kuhesabu eksirei, ndugu wa damu na kile kichemba cha kwenye hodhi. Mwanafizikia alieongoza kazi, Riccardo Giacconi, alipata Nobel 2002. Wavuvi wa Ngomeni wanayaona yale majukwaa kila siku na watoto wa skuli hapa hawafunzwi hata nusu yake, hilo linanikera ila leo si mada.

Kwa khalati usahihi ulianza kwa kalamu. Siku ya mpango walimlaza mikono juu ya kichwa, wakampiga siti skani, alafu wakamchora misalaba midogo kifuani na ubavuni, akaambiwa asiisugue. Kila siku akirudi anapangwa mpaka misalaba ikutane na mistari ya leza inayotoka ukutani. Kulikuwa na harusi ya mjukuu, akauliza kwa aibu kama anaweza kutiwa hina na piko, yule binti wa mashine akacheka akamwambia mikononi na miguuni tia utakavyo mama, huku kifuani niachie mimi, sitaki maua juu ya alama zangu.

Alafu kuna pumzi. Titi lake ni la kushoto na chini yake ndo moyo. Utafiti wa 2013 wa wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark ulionyesha kila grei moja ya wastani inayofika moyoni inaongeza hatari ya matatizo makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4, na hatari inaendelea miaka mingi. Sasa mtu akivuta pumzi ndefu akaizuia, mapafu yanajaa, moyo unasogea mbali na ukuta wa kifua, wanapiga hapo hapo kama sekunde 20, wanamwambia kwenye spika "pumua mama," wanarudia. Haigharimu dawa wala sindano. Khalati kakulia Shela ya huku Malindi akizamia tangu mdogo na kaka zake, alizuia pumzi mpaka yule binti akamwambia basi mama inatosha tushamaliza zamani.

Nilimuahidi mzee nusu ya pili ya jibu. Mzee, kumbe wakati mwengine siku moja inawezekana. Mtu mwenye kansa ilofika kwenye mifupa, anaumwa hawezi kulala, pigo moja la grei 8 linapunguza maumivu sawa na mapigo mengi, hilo limethibitishwa kwa majaribio mengi na ni jambo la zamani sasa, kwa hivo mgonjwa wa mifupa akitakiwa aende wiki mbili si vibaya ndugu wakauliza kwa adabu kwanini si mara moja. Kuna pia wanaopiga titi mara moja tu palepale tiyeta wakati wa upasuaji, hiyo bado madaktari wanabishana. Na kuna hii inayowatoa usingizi wanafizikia sasa hivi, inaitwa FLASH, dozi nzima inapigwa kwa chini ya sekunde moja. Ilianza kwa panya, Wafaransa 2014, wakaona uvimbe unakufa lakini pafu zima linaumia kidogo kushinda mionzi ya kawaida, na mpaka leo sababu yake haijakubaliwa, wengine wanasema oksijeni, wengine wanakataa. Mtu wa kwanza alipigwa Lausanne, Uswisi, 2018, uvimbe wa ngozi, grei 15 kwa milisekunde 90. Marekani wakawajaribu watu 10 wenye maumivu ya mifupa. Ni mapema mno kumwambia mtu asubiri hiyo, asisubiri.

Nikaongeza na ya tezi dume kwa kuwa niko kwenye baraza la wazee. Jaribio la PACE-B, matokeo 2024, wanaume 874, mapigo matano dhidi ya 20 au 39, na baada ya miaka mitano asilimia 95.8 ya wale wa mapigo matano kansa ilikuwa haijarudi, wale wa mengi asilimia 94.6. Kansa ya tezi dume namba yake ya alfa kwa beta iko chini kushinda hata ya titi, ndo maana inakubali mapigo makubwa machache. Hakuna aliesema kitu, mmoja akaagiza kahawa nyengine. Lakini jioni mmoja wao alinipigia simu, akaniuliza ile hospitali ya khalati iko upande gani, na akauliza kwa niaba ya "rafiki." Nikamwelekeza.

Kuna walobaki nje ya habari hizi njema. Khalati alikuwa akikaa benchi moja na mama mmoja wa Mambrui mwenye kansa ya mlango wa kizazi, na huyo bado ni mapigo 25 ya nje, na kemo kila wiki, na juu yake tiba ya kuingizwa chanzo cha mionzi kwa ndani. Pale chini utumbo, kibofu na njia ya haja kubwa vimepakana na kinachopigwa, huwezi kukuza dozi ya siku hivi hivi, na majaribio ya kupunguza siku yanaendelea lakini hayajafika pa kubadilisha tiba ya kila mtu. Huyo mama alikuwa akimuuliza khalati kila wiki mbona wewe unamaliza upesi. Kwa ugonjwa huo wa kwake kuna chanjo, serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 10 tangu Oktoba 2019, na hapa hapa mtaani wako wanaowaficha watoto siku ya chanjo ikifika skuli, kwa maneno ya wasap.

Mwenye mgonjwa wa titi anaeanza mionzi, uliza mambo manne: jumla ni grei ngapi, kwa mapigo mangapi, tezi za kwapani zimo ama hazimo, na kama ni titi la kushoto moyo unapata ngapi. Mwana wa khalati aliuliza, akaonyeshwa kwenye kompyuta picha ya kifua cha mamake imekatwa vipande kama mkate, rangi nyekundu titini, buluu pembezoni, na pembeni jedwali lenye majibu yote manne. Jirani naye anataka kuiona hiyo picha, nimemwambia amuombe khalati mwenyewe.